Barua ya wazi: Hata mkilifunga faili, tuambieni lipo

Kwa Mheshimiwa Rais wa Jamhuri ya Kenya,
Kwa Waheshimiwa Spika wa Bunge la Kitaifa na Spika wa Seneti,
Kwa Mwanasheria Mkuu, na Waziri mwenye dhamana ya nyaraka za taifa,

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa heshima, na kwa uchungu pia. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Kwetu ni Mombasa, lakini chaki imenizungusha nchi hii: nilianzia Wajir mwaka 1990, nikamalizia Nairobi. Sina chama, sina kesi mahakamani, wala sidai fidia. Nina ombi moja tu, nalo ni dogo. Nitalitaja kabla sijaweka kalamu chini, ila kwanza nivumilieni niwaeleze lilikotoka.

Juma lililopita nilikuwa Nairobi, nikapita Moi Avenue pale ilipo sanamu ya Tom Mboya, yule waziri wetu aliyeuawa. Duka la dawa alilokuwa akitoka alipopigwa risasi, Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, halikuwa mbali na hapo. Chini ya sanamu palikuwa na duara la wanaume, kama ilivyo kawaida ya pale: mmoja anasema, wengine wamekunja mikono wanangoja zamu. Mada ilikuwa Mboya mwenyewe. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu aliapa kwamba Nahashon Njenga, aliyehukumiwa kwa mauaji yale, hakunyongwa kamwe; alipewa pasipoti akasafirishwa usiku. Kijana mchuuzi wa soksi, bidhaa zake zimening'inia begani, akasema hapana, mkono ulikuwa wa Wamarekani. Wa tatu akakumbusha lile swali maarufu la Njenga kwa polisi, kwamba mbona hawamwendei mkubwa, na duara zima likaguna.

Nilisimama nao robo saa. Hakuna aliyetaja waraka wowote. Na Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa iko pale pale. Ukirusha jiwe kutoka kwenye sanamu unagonga ukuta wake.

Sikuwacheka, maana hawakuwa wajinga. Yule mzee alijua mwezi na mwaka ambao Njenga anasemwa kuwa alinyongwa, Novemba 1969. Aliuliza swali ambalo mwanafunzi wangu angeliuliza ningempa alama zote: ni mwananchi gani aliyewahi kuonyeshwa karatasi? Mimi nimefundisha historia zaidi ya miaka thelathini, na sikuwa na la kumjibu.

Kila mnapopanda jukwaani mnatukanya tusieneze uvumi. Mnasema watu wamekuwa wepesi wa kuamini hadithi. Nami nakiri kwamba hadithi nyingi zinazozunguka ni za uongo, na nyingine ni za hatari. Lakini mimi nimelelewa na hadithi ya namna hiyo, na ilikuwa kweli.

Babu yangu mzaa mama alikuwa na duka dogo upande wa Mto Tana, siku za Hali ya Hatari, Waingereza walipopambana na Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, mahabusu 11 waliuawa kwa kipigo kwa sababu walikataa kufanya kazi ya kulazimishwa. Serikali ya kikoloni ilitoa taarifa kwamba vifo vile vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Taarifa yenyewe ilisema maji hayo waliyanywa pia askari. Babu alikuwa akiwauliza wateja wake, huku akipima sukari: ni maji gani hayo yanayoacha alama za rungu mgongoni, na yanayochagua wa kumuua? Kwa miezi kadhaa, kusema hivyo ulikuwa uvumi. Uchunguzi wa hakimu ndio uliothibitisha kwamba watu walipigwa.

Kila mwaka nilipofika sura ya Hali ya Hatari niliwasimulia wanafunzi wangu habari ya gari la maji. Niliona ni wajibu wangu. Nataka mjue kile simulizi hiyo ilikuja kunifanyia.

Mwaka 2014 kulikuwa na kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49. Maaskofu wa Kanisa Katoliki wakatoa tamko kwamba wanashuku chanjo ile ina kitu cha kuwazuia wanawake kuzaa. Serikali ikakanusha, Shirika la Afya Duniani likakanusha, UNICEF ikakanusha. Siku moja akaja nyumbani binti niliyekuwa nimemfundisha, ana mimba ya kwanza, anataka ushauri. Nikamwambia akadungwe, pepopunda ni ugonjwa unaoua watoto wachanga, kitovu kikikatwa na wembe mchafu, na ukishamshika mtoto huna cha kufanya ila kumtazama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa adabu, macho chini: “Mwalimu, si ni wewe uliyetufundisha gari la maji la Hola? Walisema maji. Leo wakisema dawa ni safi, nitajuaje?”

Hakwenda. Alijifungua salama, namshukuru Mungu. Lakini usiku ule sikulala. Nilijiuliza kama nilimfundisha historia au nilimfundisha kutomwamini mtu yeyote. Nimelifikiria swali lake miaka yote hii, na nimefika mahali pa kusema wazi: kuhusu chanjo alikosea. Kuhusu “nitajuaje” hakukosea. Alikuwa anauliza njia ya kuthibitisha, na njia hiyo mnayo ninyi.

Sasa niwakumbushe habari ya mafaili, maana hii ndiyo iliyovunja kabisa hoja ya “acheni uvumi”.

Kwa miaka mingi walikuwapo watu waliosema kwamba Waingereza, kabla ya kushusha bendera, walichoma nyaraka na nyingine wakaondoka nazo. Mwaka 1967 serikali yetu yenyewe iliomba zirudishwe, ikakataliwa. Baadaye hata kuwapo kwake kukakanushwa. Mwaka 2009 wazee watano, wanaume watatu na wanawake wawili, wakaishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso waliyotendwa katika kambi za mahabusu. Katikati ya kesi hiyo, mwaka 2011, Uingereza ikalazimika kukiri: mafaili yapo. Yalikuwa Hanslope Park, katika jengo la serikali lenye ulinzi mkali kaskazini mwa London. Kiasi cha mafaili 1,500 yalihusu Kenya, kati ya karibu 8,800 kutoka makoloni 37. Ndani yake mlikuwa na barua ya mwaka 1957 ya Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, akimwandikia Gavana kuhusu kipigo cha mahabusu: ikiwa ni lazima tutende dhambi, basi tuitende kimya kimya.

Na mlikuwa na maagizo. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni aliagiza kwamba serikali zinazojitawala zisikabidhiwe karatasi yoyote inayoweza kuiaibisha Uingereza. Nyaraka za kuchomwa zichomwe hadi ziwe majivu, na majivu yavunjwevunjwe. Kama moto haufai, zipakiwe kwenye makasha yenye uzito, zikatupwe baharini penye kina kirefu, pasipo mkondo, mbali na pwani kadiri iwezekanavyo. Mimi ni mtu wa pwani. Nilipoyasoma maneno hayo nilitoka nje nikaitazama bahari niliyoogelea tangu utoto, nikawaza ni majina ya nani yaliyolala chini kule. Lakini lililonikereketa zaidi ni jingine: faili la siri lilipoondolewa kabatini, liliweza kuwekewa jingine la bandia mahali pake, ili afisa Mwafrika atakayekuja asione pengo. Walificha faili, kisha wakaficha kwamba wamelificha.

Mwezi Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya watu 5,228, na Waziri wake wa Mambo ya Nje akasema Bungeni kwamba serikali yake inajuta. Kumbe wale waliokuwa wakiitwa wazushi walikuwa wanasema kweli miaka hamsini. Baada ya hapo mtamwambia nani kwamba serikali hazifichi?

Tungependa kusema ule ulikuwa ukoloni, ukapita. Lakini Serikali huru ilirithi makabati, na funguo ikaziweka mfuko ule ule.

Jumapili tarehe 2 Machi 1975, Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alionekana kwa mara ya mwisho akitoka hoteli ya Hilton, Nairobi. Kesho yake mwili wake ukaonekana vilima vya Ngong. Zaidi ya wiki moja ulilala chumba cha maiti cha jiji kama mwili wa mtu asiyejulikana, huku taifa likiambiwa JM yuko Zambia. Habari hiyo hata ikachapishwa gazetini. Wake zake ndio waliokwenda wakamtambua. Bunge likaunda kamati, kamati ikafanya kazi yake kwa ujasiri ambao hadi leo unanisisimua, lakini ripoti ilipofika Bungeni mwezi Juni majina mawili yalikuwa yameondolewa. Kosa lile halikuwa la kuficha tu. Kumwambia mke kwamba mumewe yuko safarini, na mumewe yuko kwenye droo ya barafu upande wa pili wa mji! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima wa makamo, na bado hajasoma ripoti ile ikiwa kamili, kwa tangazo rasmi la serikali yake.

Kuhusu Dkt. Robert Ouko, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, nitasema kidogo, kwa kuwa mengi yamekwisha kusemwa. Mimi nilikuwa na mwezi mmoja tu Wajir aliponyakuliwa kutoka nyumbani kwake Koru, Februari 1990. Jioni tulikuwa walimu sita ndani ya chumba kimoja, redio ya betri mezani, mlango tumeufunga, tunasikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC kwa sauti ya chini kama watu wanaofanya wizi. Redio ya taifa tuliisikiliza pia, ila kwa ajili ya kujua serikali inataka tuamini nini. Mwili uliokuwa na tundu la risasi kichwani na uliochomwa moto, tukaambiwa huenda marehemu alijiua. Mpelelezi akaletwa kutoka Scotland Yard. Tume ya Jaji Gicheru ikaundwa, ikavunjwa Novemba 1991 kabla haijamaliza. Kamati ya Bunge ikachunguza tena miaka ya 2000, Bunge lenyewe likaikataa ripoti mwaka 2010. Baada ya uchunguzi mara tatu, watu bado wanabishana juu ya gari jeupe linalosemwa kuwa lilimchukua.

Waheshimiwa, mkidhani ukosefu wa karatasi unawapotosha wananchi peke yao, ikumbukeni Mei 2003. Jenerali Stanley Mathenge wa Mau Mau alitoweka msituni katikati ya miaka ya 1950, na miaka yote hiyo ikasemwa kwamba alivuka akaenda Ethiopia. Hakuna aliyekuwa na hakika. Basi akaletwa mzee mmoja mkulima kutoka Ethiopia, akapokewa Nairobi kwa heshima za shujaa, na viongozi wakamlaki mbele ya kamera. Mzee yule hakujua Kikuyu. Vipimo vya DNA vikaonyesha si Mathenge. Watu walicheka sana wakati ule, mimi sikuona cha kuchekesha. Niliona serikali nzima, pamoja na idara zake zote za usalama, imeamini hadithi ya vijiweni kama yule mzee wa kofia ya sufu, na kwa sababu ile ile: haikuwa na karatasi. Na niliona familia ya Mathenge, wamevaa nguo zao nzuri, wamekuja kumpokea mtu wao.

Mukami Kimathi naye alingoja. Mumewe Dedan, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Aliwaomba marais mmoja baada ya mwingine waonyeshe kaburi, akafariki Mei 2023 bila kuonyeshwa. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba kaburi limepatikana, serikali ikasema si kweli. Gereza ni letu, ardhi ni yetu, na kila mfungwa anayenyongwa huandikwa mahali. Kitabu hicho kiko wapi? Kama kilichomwa, alikichoma nani na lini? Kama kilipelekwa Uingereza, tulikiomba lini?

Niwarudishe Wajir sasa, ambako ndiko ombi langu lilikozaliwa.

Darasa la kidato cha tatu, mabati juu, joto la saa saba. Nilikuwa nawafundisha historia ya Kenya baada ya uhuru, na nikaandika ubaoni: 1984, ukame na njaa. Sisi wa mikoa mingine mwaka ule tunaukumbuka kwa mahindi ya manjano ya msaada. Mvulana mmoja wa nyuma akainua mkono. Akasema, “Mwalimu, kwetu 1984 si mwaka wa njaa. Ni mwaka wa Wagalla.” Darasa likanyamaza. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, sikujua anasema nini. Nilikuwa na shahada ya historia kutoka chuo kikuu cha nchi hii.

Alinieleza baada ya kipindi, tumesimama kwenye kivuli cha tangi la maji. Ijumaa tarehe 10 Februari 1984, alfajiri, vikosi vya usalama viliwazoa wanaume wa ukoo wa Degodia, vikawapakia kwenye malori hadi uwanja wa ndege wa Wagalla, kiasi cha kilomita 15 kutoka mjini. Waliamriwa kuvua nguo na kulala kifudifudi juu ya changarawe. Wakawekwa pale siku baada ya siku, bila maji, kwenye jua ambalo mimi nilikuwa sikai chini yake dakika kumi bila kofia. Wengine walipigwa risasi, wengine walichomwa. Baba yake alipakiwa lori la asubuhi. Yeye wakati ule alikuwa na miaka kumi na moja, na alikimbia nyuma ya lori mpaka vumbi likamshinda.

Serikali ilisema waliokufa ni 57. Mwaka 2000, Bungeni, ikakubali 380. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikakadiria karibu 1,000. Manusura wanataja maelfu. Tazameni hesabu hiyo. Kwa miaka kumi na sita, mtu wa Wajir aliyesema “zaidi ya 57” alikuwa mzushi na adui wa serikali. Kisha serikali yenyewe ikapandisha idadi, na hakuna aliyerudi kumwomba msamaha kwa kumwita mzushi. Yule mama wa Kiitaliano, Annalena Tonelli, aliyewauguza majeruhi na kusaidia kuzika maiti, alilazimika kuondoka nchini.

Tume ya Ukweli ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kwa wananchi. Sidhani kuna nyaraka nyingine ya nchi hii iliyoandikwa na mikono mingi kiasi hicho. Tarehe 21 Mei 2013 ripoti yake, yenye kurasa zaidi ya 2,000, ilikabidhiwa Ikulu. Makamishna watatu wa kigeni walikataa kuitia saini sura ya ardhi, wakisema ilibadilishwa kwa shinikizo. Machi 2015 Rais wa wakati huo aliomba radhi mbele ya Bunge kwa niaba ya serikali zote zilizopita na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Nilikuwa naangalia runinga sebuleni, nikalia. Sioni haya kulisema. Lakini radhi ile haikufuatwa na kufunguliwa kwa kabati, na ripoti yenyewe hadi leo haijapewa mjadala kamili Bungeni uliostahili.

Miaka michache iliyopita, yule mwanafunzi wangu wa Wajir aliniomba nimsaidie. Alitaka kujua jambo moja: wale askari waliowapakia watu kwenye malori, waliandika majina? Nikaandika barua kwa ofisi moja ya serikali, ambayo sitaitaja kwa kuwa afisa aliyenipokea alinitendea utu. Nikanukuu Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, inayotaka mwombaji ajibiwe ndani ya siku 21. Sikuomba kuliona faili. Niliuliza kama orodha ya majina iliwahi kuandikwa, na kama ingalipo.

Siku 21 zikapita, zikapita na nyingine. Nikaenda mwenyewe. Yule afisa alinivutia kiti, akaniagizia chai, akaufunga mlango. Akasema, “Mwalimu, siwezi kukwambia lipo, na siwezi kukwambia halipo.” Barua yangu ilikuwa mezani pake, imegongwa muhuri wa kupokelewa, kona moja ina alama ya kikombe. Nilimwona anaona aibu. Nami nilimwonea huruma, kwa kuwa alikuwa anatii.

Basi ombi langu ni hili. Chapisheni orodha.

Sisemi mfungue kila kitu. Najua kuna mashahidi walio hai, kuna watoa habari ambao majina yao yakitoka watadhurika, kuna mambo ya ulinzi wa mipaka ambayo hata mimi sitaki yawe mikononi mwa kila mtu. Fungeni mnachoona lazima kifungwe. Lakini tuambieni kipo. Nataka orodha ya mafaili yote ya serikali yaliyotimiza miaka 30 na bado yamefungwa: namba ya faili, mwaka, wizara, mada kwa maneno machache, sababu ya kufungwa, na tarehe litakapotazamwa upya. Sheria yetu ya nyaraka tayari inautambua muda huo wa miaka 30. Na kwa faili lililochomwa au kupotea, andikeni hivyo hivyo: lilikuwapo, halipo, aliyeidhinisha ni mwenye cheo fulani, siku fulani. Katika orodha hiyo muweke na yaliyoko Uingereza, ambayo sasa yamehamishiwa hifadhi ya taifa lao huko Kew, ili mtoto wa Nyeri asilazimike kupanda ndege kujua babu yake aliandikwa nini.

Kuna atakayewashauri kwamba orodha italeta fujo, na kwamba makabila yatafufua vidonda. Naomba mumwulize mshauri huyo vidonda hivyo vimewahi kulala lini. Duara la Moi Avenue hukutana kila siku ya kazi. Wajir wanakumbuka kila Februari. Watu tayari wameshajaza majina kwenye nafasi mlizoziacha wazi, na baadhi ya majina hayo ni ya watu wasio na hatia, ambao wangesafishwa na karatasi moja.

Wengine watasema orodha ni kitu kidogo, kwamba wananchi wanataka ukweli wote. Ningekuwa kijana ningesema nao. Lakini nimeijifunza habari ya Hanslope Park vizuri. Kilichowachelewesha wale wazee kupata haki mpaka wamekuwa na mvi ni kwamba hakuna aliyeweza kumwambia hakimu: faili namba fulani lipo, lileteni. Siku kuwapo kwake kulipokubaliwa, mengine yalifuata ndani ya miaka miwili. Na Katiba haikuacha jambo hili kwenye hiari yenu. Kifungu hicho hicho cha 35 kinaitaka Serikali ichapishe na kutangaza habari yoyote muhimu inayoligusa taifa. Sioni habari muhimu kuliko kujua taifa limeandika nini juu ya watu wake waliokufa.

Barua hii nimeileta kwa mkono, nakala tano, nami nimebaki na ya sita yenye muhuri. Kabla ya kuileta nilimpigia simu mwanafunzi wangu wa Wajir nikamsomea yote. Yeye leo ana wajukuu. Alinyamaza kidogo, nikasikia mbuzi wanalia nyuma yake, kisha akaniomba niongeze maneno yake mwenyewe, nami nimeyaweka hapa kama alivyoyasema: “Waambie, kama majina hayakuandikwa, basi watuandikie hivyo. Waandike kwamba waliwapakia watu kwenye malori na hawakuandika jina hata la mmoja. Wagonge muhuri, wanipe.”

Wenu mwaminifu,

Mwalimu mstaafu wa historia,
Mombasa